Donge Lisiloyeyuka

Benchi letu pale Igoma lilikuwa kiti cha lori bovu la pamba, kimewekwa juu ya matofali, kikitazama barabara ya Musoma. Kushoto kwake Kashindye aliweka jiko lake la kahawa. Kulia palikuwa na tanuri la mikate la mkwe wangu Teodora, pipa la mafuta lililolazwa na kufunikwa udongo, kazi ya mikono ya marehemu mwanangu Malimi. Mimi nilikaa katikati kwa sababu ya umri, na kwa sababu nilikuwa nimefundisha dini miaka mingi, wenzangu wakaona vizuri mabishano yao yawe na mtu wa kanisa. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Matawi, mwaka wa tisini na nne. Ruksa ya biashara ilikuwa imekolea, na maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo vingine hatukujua vinaliwa au vinapakwa. Siku hiyo nilikuwa na jambo moja moyoni. Vijana wa parokia wangekutana Jumapili baada ya maandamano, na kamati ya Matawi ilikuwa imemwagiza Teodora mikate ya kuwalisha. Ndugu zetu wa Magu walikuwa wamesema wazi kwamba kama Pasaka ingefika na tanuri halimlishi, mjane na watoto warudi kijijini. Wakiondoka wao, mimi ningebaki na nyumba ya vyumba vitatu na sauti yangu mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nikiiombea mikate ile kama watu wanavyoombea mvua.

Tulikuwa kwenye kikombe cha kwanza alipofika Pasi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Masalu, lakini alikuwa dobi, na mtu akishinda na pasi ya mkaa mkononi haitwi tena jina lingine. Alikuwa amebeba bakuli la bati kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka sadaka.

— Katekista, shikamoo.

— Marahaba, Masalu. Umeamkaje?

— Nimeamka na kitu hiki. Nimekuja mniambie ni nini.

Akaliweka bakuli katikati yetu. Ndani palikuwa na donge la rangi ya kijivu, ukubwa wa limau, laini, linang'aa kwa maji.

— Kamasi, akasema Kashindye, akimimina kahawa.

— Kamasi za nani, za ukubwa huo? akauliza Injini.

Injini alikuwa kijana wa Kijaluo, Okeyo, fundi wa mashine za mitumbwi. Hakuamini kitu mpaka akifungue.

— Subirini niwaeleze, Pasi akasema. Mnajua mimi nguo nazitia wanga wa muhogo. Naparuza muhogo mbichi, naufunga kwenye kitambaa, naukamua ndani ya beseni. Maji meupe yanatuama, chini unabaki wanga. Makapi natupa.

— Tunajua. Njoo kwenye hoja.

Huyo alikuwa Waziri. Alikuwa karani kwenye ofisi ya pamba mpaka alipopunguzwa kazini, na tai aliendelea kuivaa. Tulimwita Waziri kwa sababu hakukuwa na jambo ambalo hakujua limesababishwa na nani.

— Hoja ndiyo hiyo naifuata, Waziri. Mwaka huu muhogo umeugua. Ule wa Ukerewe unashuka melini mwembamba kama kidole. Nikamwomba shemeji Teodora donge la unga wa ngano lililobaki kwenye karai lake la mkate. Nikalifunga kwenye kitambaa kama muhogo, nikakamua. Maji meupe yakatoka, tena mazuri kushinda ya muhogo. Nikakamua mpaka maji yakawa safi. Wanga nimepata. Kanzu ya frateri, yule anayesomea upadre, imesimama yenyewe kama ina mtu ndani.

— Sasa unalalamika nini?

— Nikafungua kitambaa nitupe makapi. Makapi hayakuwepo. Lilikuwepo hili. Nimeliosha, nimelisugua, nimelibadilishia maji. Haliyeyuki.

Waziri akaweka kikombe chini, akalishika donge kwa vidole viwili, akalivuta. Likavutika. Likawa refu kama ulimi wa ng'ombe, katikati likawa jembamba hata nikauona moto wa jiko la Kashindye kupitia upande wa pili. Akaliachia. Likarudi taratibu, kama mtoto aliyeitwa akiwa kwenye mchezo.

— Mpira, akasema Waziri.

— Mpira gani?

— Mpira. Matairi. Ulaya matairi yamewajaa, hawana pa kuyatupa. Wanayasaga, wanayachanganya na unga, wanashona gunia, wanatuletea. Zamani serikali ilikuwa inakagua. Siku hizi nani anakagua? Ruksa.

— Tairi ni jeusi, Injini akasema. Unga ni mweupe.

— Shati lako lilinunuliwa jeupe, sasa ni jeusi. Mbona huulizi lilifikaje huko?

Tukacheka. Injini naye akacheka, akajitazama shati. Lakini mimi niliacha kucheka haraka, kwa sababu niliona Hellen muuza nyanya amesimama mbele ya meza ya Teodora na mkate mkononi, na shingo ameielekeza kwetu. Alisikiliza. Akautazama mkate. Akaurudisha mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto asiamke.

— Dada Teo, nitarudi baadaye.

— Si ulisema watoto wanasubiri?

— Ndiyo. Wacha niwahi.

Akavuka barabara bila mkate. Hellen alikuwa akiimba kwaya, sauti ya pili, na pembeni yake husimama Mama Ajwang, mwenyekiti wa kamati ya Matawi. Nilimtazama akikata kona ya kuelekea kwa Mama Ajwang, nikaanza Salamu Maria kimoyomoyo.

Teodora akatoka nyuma ya meza, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Kwa heshima ya ukwe hakunikaribia. Alisimama upande wa Waziri.

— Kaka Waziri, asubuhi umekunywa chai na nini?

— Na mkate.

— Wa nani?

— Wako, shemeji. Ndiyo maana nazungumza kwa uchungu.

— Basi punguza sauti ya uchungu. Wateja wananiacha.

— Mimi sikulaumu wewe. Wewe umeletewa. Nawalaumu wenye viwanda.

— Wenye viwanda hawapo hapa. Mwenye meza nipo.

Akarudi kwenye karai lake. Tukamsikia akikanda, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Injini alikuwa amelichukua donge. Alilivuta, akaliachia, akalivuta tena, akiwa amelisogeza sikioni kama anayesikiliza mashine.

— Huu si mpira, akasema. Mpira naujua, kila siku nakata vipande vya kuzibia bomba. Mpira ukiuvuta unarudi wote, tena unarudi na hasira. Udongo wa mfinyanzi ukiuvuta haurudi kabisa. Hili liko katikati. Linarudi nusu, nusu nyingine linakubali yaishe.

— Maana yake?

— Maana yake humu ndani kuna vitu viwili vimeshikana. Kimoja kinavutika, kingine kinavuta kurudi. Kingekuwa cha kwanza peke yake, lingemwagika kama asali. Kingekuwa cha pili peke yake, shemeji asingeweza hata kulikanda.

— Kwa hiyo ni mpira uliochanganywa na asali, akasema Waziri.

— Sijasema hivyo.

— Umesema, na watu wamesikia. Katekista shahidi.

Nikasema kwamba mimi nilikuwa katikati ya sala.

Kashindye akatoa wazo kwamba huenda tatizo si unga, ni maji. Ziwa siku hizi lina magugu, akasema, na magugu yana ute. Injini akasema hilo linapimika. Kashindye alikuwa na sembe yake ya mchana kwenye mfuko, na Pasi alikuwa na unga kidogo wa ile mihogo myembamba iliyomshinda. Basi wakaleta beseni na maji yaleyale. Pasi akakanda donge la sembe, akalifunga kwenye kitambaa, akakamua. Alipokifungua palikuwa na chembe za pumba, basi. Akakanda la muhogo. Alipokifungua palikuwa na kitambaa kitupu.

Waziri alisimama kabisa.

— Mnaona wenyewe. Ugali hauna cha kuficha.

— Lakini ugali hauumuki, nikasema.

Ni neno lililonitoka tu. Teodora akalisikia, akajibu bila kuinua kichwa kwenye karai.

— Baba anasema kweli. Mwaka ule ngano ilipoadimika nilioka kwa unga wa muhogo. Nikatia hamira, nikangoja, nikangoja. Malimi akaja akaugonga kwa kidole, akaniuliza kama najenga.

Kashindye alijifanya kupuliza moto. Malimi alikuwa na tabia hiyo ya kugonga vitu kwa kidole, na nadhani wote tulimwona.

— Kwa hiyo shemeji mwenyewe anakiri, Waziri akasema hatimaye, kwa upole zaidi. Pasipo kitu hiki, hakuna mkate.

— Mimi sijakiri kitu. Nimesema sikupata mkate.

— Tuchome, akasema Injini. Mpira ukiungua hata kipofu anaujua.

Akakata kipande kidogo kama harage, akakidondosha kwenye mkaa wa Kashindye. Tuliinama wote, vichwa vikagongana. Kipande kikajikunja, kikatoa mapovu, kikawa cheusi. Tulisubiri harufu ya tairi. Haikuja. Ilikuja nyingine tuliyoijua pia.

— Kuku, akasema Pasi. Kuku akibabuliwa manyoya.

— Nywele, akasema Kashindye.

— Kwato, akasema Injini, akishangaa.

Waziri alivuta pumzi, akakaza tai yake.

— Nyama, akasema. Manyoya, nywele, kwato, hivyo vyote ni vya mnyama. Ndugu zangu, humu kuna nyama. Katekista, leo ni siku gani?

— Ijumaa.

— Ya wakati gani?

— Ya Kwaresima.

— Mkristo leo anakula nyama?

— Hali.

— Na asubuhi ulikula nini?

Nilikuwa nimekula mkate, vipande viwili, na nikasema hivyo. Benchi zima likanitazama kwa huruma. Pasi alinishika bega.

— Hukujua, Katekista. Mungu anaona moyo.

Mimi sifikiri haraka, sijapata kufikiri haraka. Nilikunywa kahawa yangu mpaka kwenye machicha, kisha nikamwambia Waziri kwamba hostia, ule mkate wa komunyo, inatengenezwa kwa unga wa ngano na maji, hakuna kitu kingine kinachoruhusiwa kutiwa. Ingekuwa ngano ni nyama, Padre asingetukomunisha siku za Ijumaa, na anatukomunisha.

Waziri aliketi. Akaifungua tai yake, akaifunga upya.

— Basi na Roma wanajua, akasema.

— Wanajua nini?

— Sijajua bado. Lakini wanajua.

Hapo ndipo Kashindye alipoweka birika chini. Kashindye hakuwa mtu wa maneno. Kazi yake ilikuwa kumimina na kusikiliza, na kabla ya kahawa alikuwa amebeba samaki ufukoni miaka mingi.

— Nyie mnahangaika bure, akasema. Hiki kitu nakijua. Nimekibeba kichwani mwangu.

— Kitu gani?

— Bondo.

Akajigusa utosi.

— Sangara ana bondo tumboni, sivyo? Kile kifuko chake cha upepo. Zamani tulikuwa tunakitupa, hata mbwa anakinusa anaondoka. Leo wageni wanakigombania kuliko minofu. Kuna mtu hapa amewahi kujua wanakipeleka wapi?

— Nilimuuliza mnunuzi mmoja, Injini akasema. Aliniambia wanapikia supu.

— Supu! Mtu na akili zake apande ndege aje Mwanza kwa ajili ya supu? Sikilizeni. Bondo ukilivuta linavutika. Ukilikamua kwenye maji haliyeyuki. Ukilichoma linanuka hivihivi. Na kazi yake ndani ya samaki ni nini? Kushika upepo usitoke. Sasa uchaneni mkate wa Teodora mtazame ndani. Vishimo vitupu. Kuna nini kwenye vile vishimo? Upepo. Nani ameushika?

Akatutazama mmoja mmoja.

— Wanachukua mabondo yetu, wanayakausha, wanayasaga, wanayatia kwenye unga, wanatuuzia sisi wenyewe.

Yalikuwa maelezo mazuri kuliko yote tuliyoyasikia asubuhi ile, na Waziri alijua hivyo, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu aliyepitwa na gari aliloliona tangu mbali. Alitafuta pa kulishika.

— Kwa hiyo ni samaki.

— Ni samaki.

— Basi Katekista umepona. Samaki Ijumaa ruksa.

— Nashukuru, nikasema.

— Na kanzu ya frateri? Pasi akauliza. Itanuka samaki kwenye maandamano?

— Hiyo umeitia wanga, si bondo. Bondo limebaki kwenye bakuli.

— Ah. Basi sawa.

Wakati huo watu wawili zaidi walikuwa wamepita mbele ya meza ya Teodora, wakasikia neno mpira, wakasikia neno bondo, wakasalimia na kuendelea na safari. Mikate ilikuwa imepangwa vilevile tangu Hellen aurudishe wake. Teodora akaja moja kwa moja mpaka kwenye bakuli, unga ukidondoka kutoka mikononi.

— Kaka Masalu, hili limetoka kwenye unga wangu?

— Ndiyo, shemeji.

— Basi nipe.

— Unakwenda kulitupa?

— Kwangu kitu kikitoka kwenye unga kinaingia tanurini.

Akalichukua, akaliviringa kati ya viganja, akafungua tanuri, akalisukuma ndani, akafunga kwa mfuniko. Kisha akachukua ndoo akaenda kuteka maji kwa jirani. Hakuwa na hasira ya kelele. Ile ya kimya ndiyo aliyokuwa nayo, na mimi nilijua anakwenda kufikiri njiani, maana ndoo nyingine ilikuwa imejaa.

— Litayeyuka, Waziri akasema, lidondoke, liharibu tanuri la watu.

— Halitayeyuka. Limekataa kwangu, litakataa na humo, akasema Pasi.

— Litajikunja kama samaki wa kukaushwa, akasema Kashindye.

— Tusubiri tuone, akasema Injini, ambaye alikuwa ameshika ubao wa kutolea mikate tayari.

Tulisubiri. Kashindye alichemsha birika lingine. Harufu ya samaki haikutoka, wala ya tairi. Ilitoka harufu ya mkate, kidogo tu, kama ya nyumba ya tatu. Injini hakuvumilia tena. Akafungua, akaingiza ubao, akatoa.

Lile donge la ukubwa wa limau lilikuwa limekuwa kitu cha ukubwa wa ngumi mbili. Lilikuwa mviringo, la kahawia, ganda lake limekauka na kung'aa. Injini akalipima mkononi, akashangaa. Akasema ni jepesi kama kifuu. Akaligonga, na lilitoa mlio wa kitu kitupu. Akaliweka juu ya sinia la Kashindye, katikati ya vikombe, na sote tukarudi nyuma kidogo.

— Sasa mmeridhika? akasema Waziri. Mpira. Hata umejijaza upepo wenyewe.

— Nani anauonja? akauliza Pasi.

Kila mtu alikuwa ameshiba.

Tulikuwa bado tunautazama alipotokea Mama Ajwang. Alikuja na mwavuli dhidi ya jua, mwili mkubwa, mwendo wa mtu aliyetoka nyumbani akiwa na neno la kusema na amelibeba njia nzima. Tukasimama. Vijana wakamwamkia, akawaitikia. Mimi na yeye tulikuwa rika moja, tukaulizana habari za nyumbani. Akaketi nafasi yangu, akafunga mwavuli, akahema. Halafu, bila kutazama sana, akanyoosha mkono kwenye sinia, akalichukua lile donge, akalivunja.

Lilivunjika kwa mlio wa majani makavu. Ndani lilikuwa tupu, lina nyuzi nyembamba kama nyumba ya buibui. Akatia kipande kinywani.

Waziri alifungua mdomo, akaufunga. Mkono wa mgeni ukishafika kwenye chakula, kwetu hakuna aliyelelewa kuuzuia.

— Mwepesi, akasema Mama Ajwang, akitafuna. Mzuri. Lakini mbona hauna chumvi?

Chumvi yote ilikuwa imeondoka na maji ya Pasi.

— Nawauliza nyie mnaoshinda hapa. Teodora ninayemjua hasahau chumvi.

Akaendelea kula. Akameza, akavunja kipande kingine.

— Haya. Hellen amenijia anahema kama amekimbizwa. Ananiambia mikate ya hapa ina mpira. Mimi nimeagiza mikate ya watoto wa parokia nzima. Siwezi kuwalisha watoto wa watu mpira siku ya Matawi, Padre akiwepo. Kama ni kweli, naagiza kwingine leo hii, na Teodora atanisamehe. Kwa hiyo nionyesheni. Uko wapi huo mpira?

Injini alitazama kucha zake. Kashindye alichungulia ndani ya birika. Waziri alikuwa amepata kitu cha kusoma kwenye ubavu wa lori lililokuwa likipita, na lori lilipokwisha kupita aliendelea kusoma.

— Nimeuliza. Masalu, nasikia wewe ndiye uliyeuleta.

— Mama, Pasi akasema, mimi ni dobi tu.

Mama Ajwang akageuka kwangu.

— Katekista. Wewe ndiye uliyewafundisha wanangu Amri Kumi. Wao wataninyima ukweli, wewe huwezi. Uko wapi?

Teodora alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama nyuma ya tanuri, ndoo kichwani, mkono mmoja juu, na alikuwa amesikia yote. Nikamtazama. Nikawaona wajukuu wangu wamepanda gari la Magu na godoro juu ya keria. Nilitamani Mungu anipe neno ambalo lingekuwa la kweli na lingemwacha Mama Ajwang bila kuelewa. Hakunipa.

— Mama Ajwang, nikasema, umebaki huo ulio mkononi mwako.

Akautazama mkono wake. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, cha kiasi cha kidole gumba. Alikigeuza. Akakinusa. Akakiinua juu akakitazama dhidi ya jua, na nuru ikapita kwenye vile vishimo, ikamwangukia usoni kwa vidoa vidogo. Kashindye alisahau kufunika birika.

— Ndio huu?

— Ndio huo.

— Wote?

— Injini alichoma kidogo.

Mama Ajwang akakitia kile kipande kinywani. Alikitafuna kwa muda wake, macho kwenye barabara, kama mtu anayesikiliza somo na hataki kupitwa na neno. Akameza. Akapangusa vidole kwenye kanga.

— Teodora, mwanangu, akasema bila kutugeukia sisi. Ya Jumapili utatia chumvi?

— Nitatia, mama.

— Haya.

Akafungua mwavuli, akaenda zake. Hakutuaga.

Teodora aliitua ndoo, akajifuta mikono kwenye aproni, akaja mpaka karibu na benchi. Ilikuwa karibu zaidi ya alivyozoea kunikaribia.

— Baba, samahani. Naomba msimame. Kuni za Jumapili nimezihifadhi chini ya hiki kiti.

Tulikuwa tumekwisha kusimama tangu alipokuja Mama Ajwang, hakuna aliyekumbuka kuketi. Tukakishika kiti cha lori, kila mtu na pembe yake. Waziri akatupia tai yake begani, akashika upande mzito.